Baba Kwa Mashine ya Unga

Jameni! Nimetoka kumtoa baba yangu kwa mashine ya kusaga unga.

Mnajua mapafu yake yalivyo. Akipanda ngazi kidogo tu, anashika ukuta akitafuta pumzi.

Sasa kliniki walimwanzishia mazoezi ya kusimama juu ya kibao cha stima kinachotikisa mwili mzima, miguu ipate nguvu. Na kweli inamsaidia.

Leo nimerudi kutoka kazi mapema, nyumba haina mtu. Nimezunguka ploti nzima nikiita.

Namkuta wapi? Kwa Mama Nekesa, mjane kama yeye, anayesaga unga hapo chini. Baba amesimama kando ya mashine, magoti ameyakunja vile alifunzwa, anatikisika pamoja na sakafu ya mbao.

Mweupe pe hadi kope!

Mtu wa mapafu, ndani ya vumbi la unga!

"Baba, unataka kufa?"

"Ya kliniki ni mara moja kwa wiki," anajibu huku akikohoa. "Hii iko kila siku."

KILA SIKU?

Nikamgeukia Mama Nekesa nimmwagie hasira zote. Mbona anamruhusu mgonjwa huku?

Akazima mashine. Hapo ndipo nikaona amepaka lipstiki.

"Mgonjwa? Mimi kila siku namletea kiti, anakataa kuketi. Nikadhani ananionea haya."

Akamwangalia baba.

"Kwani hapa ulikuwa unafuata sakafu tu?"

Baba akainama, akaanza kupangusa viatu.

Sasa niambieni, kesho tutasagiwa unga wapi?