Alama za Waya

Nerida Whitcombe alikuwa ameshinda shindano la keki ya matunda la Burrawilla mara kumi na moja mfululizo, na mara zote kumi na moja Coral Pascoe alikuwa wa pili. Naanza na hilo kwa sababu mtu yeyote wa mji wetu ukimuuliza habari za hawa wawili ataanza nalo, kabla hajakwambia kwamba Nerida ni mjane wa fundi wa pampu za visima, au kwamba Coral alifuga kondoo mpaka mgongo ukamkatalia. Ni marafiki wa miaka karibu thelathini. Sijawahi kusikia mmoja akimsifia mwenzake chochote.

Mimi ndiye msimamizi wa meza ya keki katika maonyesho ya kilimo ya kila Machi. Nilikuja huku ng'ambo nikiwa bi harusi kutoka Tanga, miaka ishirini na sita iliyopita, na kazi hii nilipewa kwa sababu sikuwa na ndugu mjini wa kumpendelea. Hawakujua kwamba naweza kuwanunia wote sawasawa. Keki naipokea mimi, namba naiandika mimi, na jaji, ambaye lazima atoke mji mwingine, haambiwi namba ipi ni ya nani.

Mapishi ni yaleyale kwa kila mshindani, yamechapwa kwenye kitabu cha maonyesho. Zabibu kavu zikatwe vipande viwili au vitatu, lozi vipande vinne, juu pasiwe na pambo lolote. Kwa hiyo mtu hashindi kwa ubunifu, hushinda kwa mkono. Na keki ikitoka jikoni inafungwa taulo na kuachwa ipoe ndani ya bati lake mpaka kesho yake. Ukiwa na haraka ukaitoa ingali na moto ukaipindua kifudifudi juu ya wavu wa waya, wavu utaiachia mistari, na jaji akiona mistari hana haja ya kutazama kingine. Hilo hata watoto wa shule ya msingi wa huku wanalijua.

Oktoba ya mwaka ninaousimulia, Nerida aligundulika ana saratani ya utumbo mpana. Alikatwa kipande cha utumbo, akashonwa, akaambiwa kuna miezi sita ya dawa za dripu. Hospitali iko kilomita mia moja na sabini. Jumanne ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Coral alikuwa ameshasimamisha gari mbele ya nyumba ya Nerida. Hakuna aliyemwomba. Alipiga honi mara moja, na tangu siku hiyo ikawa hivyo kila baada ya wiki mbili.

Dawa ile ina vituko vyake. Ukiisha kutiwa, unarudi nyumbani na kichupa kimefungwa kiunoni kinaendelea kukudondoshea kwa siku mbili. Vidole vinakufa ganzi, na ukigusa kitu cha baridi unahisi umeshika nyaya za umeme. Nerida alifungua friji kwa glavu za bustani. Ulimi nao ulipoteza ladha, kila alichokula kikawa na ladha ya ufunguo.

Lakini haya aliyavumilia. Asichokivumilia ni huruma. Ndani ya wiki mbili friza yake ilijaa vyakula vya watu, na kila bakuli lilikuja na mtu aliyeinamisha kichwa upande. Wanawake aliogombana nao miaka nenda miaka rudi kwenye kamati ya ukumbi wakaanza kukubaliana naye kwa kila neno.

"Jana yule wa duka la dawa kanisemesha polepole, kama mtu anayemwita paka chini ya kitanda," alituambia. "Nimekatwa utumbo, sikukatwa masikio."

Hiyo ilikuwa Januari, jikoni kwake, siku ya kukata zabibu, maana keki hii huokwa miezi miwili kabla ili ikomae. Alikuwa katika wiki yake nzuri, ile ya pili, kabla ya dripu nyingine. Alikata kwa mkasi, na kwa kuwa hakuvihisi vidole vyake ilibidi avitazame kila saa kuhakikisha bado havijaingia katikati ya mkasi. Coral alikaa mbele yake, mikono ameifumbata, hakusaidia. Sheria inakataza, na Nerida angemfukuza.

"Sina ulimi, Coral," Nerida akasema. "Utanionjea wewe."

"Nimwonjee adui?"

"Basi nani? Huyu Zuhra hagusi hata kijiko kilichonusa brandi ya keki."

"Na nikikudanganya je?"

"Miaka yote hii hujawahi kuniambia neno tamu. Ulimi wako nauamini." Akaweka mkasi chini. "Sasa nisikilizeni nyote wawili. Vyakula nimepokea, maua nimepokea, nimeombewa hata na watu wasiojua jina langu. Sawa. Lakini kwenye meza ile sitaki kuhurumiwa. Nikishinda nimeshinda, nikishindwa nimeshindwa. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho ugonjwa haujakigusa."

Tulikubali. Coral alikubali kabla yangu, na alimwangalia machoni alipokubali.

Na kwa kweli alimwonjea kwa haki. Alitia kidole kwenye rojo, akalamba, akakunja uso. "Kungumanga yako imekufa," akasema. "Hii ilinunuliwa marehemu mumeo yu hai." Akaenda dukani akaleta nyingine, akaiweka mezani, akarudi kukaa, mikono ameifumbata. Nerida aliikuna mwenyewe, akachanganya mwenyewe. Wiki hiyohiyo, nyumbani kwake, Coral naye akaoka ya kwake.

Keki hupokelewa Alhamisi. Nerida alileta yake amevaa kofia ya sufu katikati ya joto, kwa sababu nywele zilikuwa zimepungua na hakutaka kuzungumziwa. Keki ilikuwa nzuri, labda imezidi moto kidogo pembeni. Saa moja baadaye akaja Coral. Aliifunua karatasi bila kunitazama. Juu ya ile keki, kutoka ukingo hadi ukingo, palikuwa na mistari ya waya, imenyooka, imelingana.

Nilipitisha kidole juu ya mistari ile. Mwanamke huyu amefundisha nusu ya mji kuoka keki.

"Coral," nikasema, "umepofuka?"

"Pokea keki, andika namba."

"Tulimwahidi."

"Ana dripu nne bado, na daktari hasemi kitu. Sema wewe kama atakuwepo mwakani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei ya sufu. "Andika namba, Zuhra."

Niliandika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika, na jibu ninalo: na mimi nilitaka Nerida ashinde. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ila hawakutuambia kufaa kwenyewe kukoje.

Jaji alikuwa mama mmoja mwembamba aliyekuja na kisu chake mwenyewe. Alizikata zote, akanusa, akabonyeza kwa kidole gumba. Kwenye ya Coral alisimama muda mrefu kuliko nyingine. Kisha akaandika kwenye karatasi inayowekwa kando ya keki: "Ndani haina kasoro. Juu kuna alama za waya." Akaitupa nafasi ya nne. Kadi ya buluu, ya kwanza, ikaenda kwa Nerida.

Jumamosi milango ya banda ilipofunguliwa Nerida aliingia na watu wakampigia makofi. Aliiona kadi yake ya buluu, akatabasamu, na mimi nikaanza kupumua. Halafu akafanya anachofanya kila mwaka, akaitafuta ya Coral kwenye nafasi ya pili. Haikuwepo. Akaifuata meza mpaka ya nne, penye jina la Coral, akainama kwenye kioo kilichoifunika. Alikaa pale kama mtu anayesoma barua.

Coral alikuwa kwenye kibanda cha chai, kikombe mkononi. Nerida alimwendea taratibu, kwa sababu nyayo nazo zilikuwa na ganzi.

"Tangu lini unapoza keki kwenye waya?"

"Nilisahau."

"Unaweza kusahau jina lako, hilo huwezi."

Coral akatazama kikombe chake. Watu wa foleni ya chai wakageuka.

"Nilitaka ufurahi," Coral akasema mwishowe. "Mara moja tu. Kabla..."

"Kabla ya nini? Malizia." Nerida alimsogelea. "Umeshanizika, Coral. Wengine wote wameniletea chakula, wewe umeleta jeneza."

Akatoka. Kadi ya buluu hakuichukua. Niliitia kwenye droo yangu.

Jumanne iliyofuata Coral alipiga honi saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Nerida akatoka na mkoba wake, akafungua mlango wa nyuma, akakaa nyuma. Kilomita mia moja na sabini kwenda, mia moja na sabini kurudi, hakutamka neno. Wiki mbili baadaye, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Coral alinikuta dukani akiwa amechoka.

"Nimegeuka dereva wa teksi," akasema. "Abiria wangu anatazama dirishani tu. Twende wote ile ya mwisho, angalau nisikie mtu anapumua karibu yangu."

Nikaenda. Nikakaa mbele kwa kuwa nyuma palikuwa na mwenyewe. Tulipita maghala ya ngano, tukapita daraja, hakuna aliyesema. Mimi huwa sikiwezi kimya cha namna hiyo, nilihesabu nguzo za simu. Nikafika mia mbili na kumi hivi, Coral akaegesha gari kando ya barabara, mahali hapana kitu ila uzio na kunguru. Akatoa kwenye kisanduku cha mbele kipande cha keki kilichofungwa karatasi, akakipitisha nyuma juu ya bega lake bila kugeuka.

"Onja."

"Sina ulimi, unajua," Nerida akasema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Coral tangu siku ya chai.

"Basi nitakwambia mimi. Hii ndiyo ile keki. Ni bora kuliko yako. Yako ilizidi moto pembeni, nililiona hilo Alhamisi ileile, na zabibu zako zilikaa chini. Ningekushinda, Nerida. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ningekushinda, na nikaiweka kwenye waya kwa mkono wangu, na nililia nilipoiweka. Sikulia kwa ajili yako. Nililia kwa ajili ya keki."

Nilitazama mbele. Nyuma nilisikia karatasi ikifunguliwa, kisha mtu anatafuna polepole.

"Ladha ya ufunguo," Nerida akasema. Akatafuna tena. "Lakini imelainika vizuri. Hilo nalihisi." Tukakaa. Kisha akafungua mlango wake, akaja upande wangu, akagonga kioo kwa pete, kwa maana ncha za vidole hazikumfaa. "Zuhra, hamia nyuma. Umekaa kwenye kiti changu."

Nikahama. Njia yote iliyobaki walibishana kuhusu moto wa jiko, na hakuna aliyeniuliza maoni yangu.

Hakufa. Nalisema hili kwa sababu mji mzima ulikuwa umeshaanza kuchagua nyimbo za mazishi. Picha za Februari ya mwaka uliofuata hazikuonyesha kitu, na daktari akasema wataangalia tena baada ya miezi sita, ndivyo anavyosema mpaka leo. Ulimi ulikuwa umesharudi wakati wa baridi, katikati ya mwaka, chumvi kwanza, sukari mwisho. Vidole havikurudi. Ameshavunja vikombe vingi, sasa anatumia vya bati.

Machi ilipofika walileta keki zao Alhamisi, Coral wa kwanza. Niliishika keki yake nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaigeuza pande zote.

"Unatafuta nini?"

"Unajua ninachotafuta."

Haikuwa na mstari hata mmoja. Niliandika namba kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Jaji mwaka huo alikuwa bwana mmoja mzee mwenye tai. Alimpa Coral kadi ya buluu. Nerida akapewa nyekundu, ya pili, na kando ya keki yake jaji akaandika: "Vipande vya zabibu havilingani." Hakujua habari ya vidole, na hakupaswa kujua.

Jumamosi Nerida aliinama kwenye kioo cha keki ya Coral muda mrefu, akaikagua juu, akaikagua pembeni, akazunguka upande wa pili akaikagua tena. Kisha akasoma karatasi yake mwenyewe. Akaja kwangu.

"Jaji huyu katoka wapi?"

Nikamtajia mji.

"Ndiyo maana. Kule hata mkate hawaujui."

Nilivuta droo nikamtolea kadi mbili, nyekundu ya leo na buluu ya mwaka uliopita. Alichukua nyekundu, akaibana kwenye mfuko wa shati mbele, pale kila mtu anapoiona, akaniachia ile nyingine. Akaondoka nayo hivyo akipita banda zima, kwenye maboga, kwenye maua, kwenye foleni ya chai, akimwambia kila aliyesimama kwamba jaji ni kipofu, kwamba keki ya Coral ni kavu kama matofali, kwamba mwakani atamwonyesha.

Nilimkuta Coral nyuma ya meza ya jamu, kadi ya buluu mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Miaka kumi na miwili aliisubiri kadi ile, nikadhani ni hiyo. Nikampa leso nikamwambia hongera.

Akatikisa kichwa, akanishika mkono ninyamaze.

"Msikilize," akasema. "Ananisengenya kama zamani."

Tukasimama pale tukamsikiliza.