Kisosi Juu ya Glasi

Ukoo wetu ni hodari sana wa kuogopa sumu. Ukiwasikiliza wakizungumza utadhani kila kikombe cha chai kuanzia Yakobi hadi Kifanya kimetiwa kitu. Kuna mjane mmoja, jirani wa shangazi yangu pale Yakobi, mama wa watu asiye na neno na mtu, ambaye chai yake haijanywewa na mtu wa kwetu tangu nikiwa darasa la tatu. Kosa lake ni kwamba amezika waume wawili na bado anatembea amenyooka. Tukipita kwake anatukaribisha, nasi tunajibu kwa adabu kwamba tumeshiba, hata kama tumetoka shambani na njaa inatuuma. Kisha tukifika mbele kidogo tunapongezana kwa kuwa na akili.

Kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Anachota, anapiga funda moja, anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, ndipo anakupa. Hakuna anayetaja sumu wala uchawi. Anasema tu, "Karibu, nimeonja," na wewe unapokea. Ni desturi nzuri, na ningeiheshimu zaidi kama ingemhusu kila mtu. Lakini inawahusu maskini. Ulanzi wa mianzi wa mtu wa kawaida unaonjwa, togwa ya mjane ingeonjwa mara tatu na bado ingemwagwa, ila chupa iliyoshuka kwenye gari la mtu mwenye uwezo haionjwi na yeyote. Mwenye gari anahesabiwa kuwa ameshaonja. Na kuna jambo jingine: kinywaji kikishaonjwa, huruhusiwi kukifunika. Ukifunika umemtukana mwenye nyumba, umemwita mchawi mbele ya wageni wake.

Mdogo wangu, binti wa baba yangu mdogo, alikuwa mhudumu wa baa Makambako, jirani na njia panda pale malori yanapolala. Kwenye ukoo wetu hilo lilikuwa neno la kunong'ona. Shangazi alipomtambulisha kwa wageni alisema, "Huyu yuko Makambako, anajishughulisha na biashara," halafu haraka sana anauliza kama mvua zimeanza kwao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe mjini, kwa hiyo nilitambulishwa kwa sauti kubwa, na mara mbili.

Nilikuwa nikienda kumtembelea siku za Jumamosi, nakaa kaunta na soda yangu huku yeye akifanya kazi. Nilijifunza mengi pale kuliko kwenye semina zote nilizowahi kuhudhuria. Hakufungua chupa ya mtu kabla ya kuiweka mezani mbele yake na kuuliza, "Nifungue?" Akishafungua alikirudisha kizibo juu ya mdomo wa chupa, kimelala tu. Mwanamke akienda chooni, mdogo wangu aliitazama ile chupa mpaka mwenyewe arudi, na kama kizibo kilikuwa kimesogea aliichukua bila kuuliza.

Siku moja nilimwona akipita karibu na meza ya wawili, mwanamume na msichana, msichana akiwa ametoka kidogo kupokea simu. Sinia likagonga bia ya msichana, bia ikamwagika yote. Mdogo wangu akaomba radhi mpaka akapiga goti, akafuta meza, akaleta nyingine na kuifungua msichana alipokwisha kukaa. Yule bwana alimtukana vibaya. Aliporudi kaunta alianza kusuuza kitambaa.

"Umemwona akiweka kitu kwenye bia?" nikamuuliza.

"Nimemwona."

"Sasa kwa nini hukupiga kelele?"

"Dada, nikipiga kelele nafukuzwa mimi. Nikimwaga, nimekuwa mzembe tu."

Nilimsifu sana siku ile. Nilimwambia kwamba angekuwa na cheo angepewa nishani. Maneno hayanigharimu kitu mimi, nina mengi.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara cha binti wa shangazi. Ilikuwa mchana wenye lile jua la Njombe lisilopasha joto, watu wamevaa masweta juu ya nguo za sherehe. Turubai lilifungwa uani, meza kuu ikatandikwa kitambaa cheupe, pilau na viazi vikapakuliwa. Mchungaji alikula, akaomba, akaaga. Gari lake halijamaliza kukata kona, madumu ya ulanzi yakatoka stoo. Ndivyo uchaji wetu ulivyo, una saa za kazi. Shangazi akachota wa kwanza, akapiga funda, akafuta ukingo kwa kiganja na kutangaza, "Karibuni, nimeonja!" Watu wakapiga vigelegele.

Pale meza kuu alikaa mfanyabiashara mmoja wa mbao mwenye misitu upande wa Kifanya. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa ametoa mbao za kupaulia kanisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kukosea jambo lolote. Akichelewa, ibada ndiyo iliyowahi. Akisimulia kitu kisichochekesha, wazee walicheka mpaka wakajifuta macho. Mkewe alikuwa nyumbani, kama kawaida ya wake wa watu wa aina yake.

Alimtazama mdogo wangu tangu wakati wa chakula. Mwisho akamuuliza shangazi, mbele yetu sote, huyu mrefu ni wa nani na anakaa wapi. Shangazi akamjibu.

"Makambako?" akasema. "Basi mimi jioni hii nakwenda huko huko. Nitampa lifti."

"Mbona bahati!" shangazi akadakia. "Atakufikisha mpaka mlangoni, mwanangu. Shukuru."

Mdogo wangu akasema anashukuru, lakini ameshapanga kupanda Kosta. Shangazi akacheka akasema Kosta zimejaa wezi. Mambo yakaishia hapo, kwa maana kwamba wengine walishaamua. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilijua, na mdogo wangu alijua, kwamba kama hakupata njia ya kujitoa, saa kumi na moja angekuwa ndani ya lile gari peke yake na yule bwana. Sitaki mtu anisome hapa akidhani kwamba sikuelewa. Nilielewa kila kitu, nikaendelea kutafuna.

Bwana wa mbao akasimama, akasema sisi vijana hatuwezi kunywa maji ya mianzi, ana waini nzuri garini. Alikwenda kwenye gari lake lililoegeshwa kando ya turubai, akafungua mlango, akatupa mgongo. Alikaa hivyo kidogo. Akarudi bila chupa, ameshika glasi moja tu iliyojaa, akamkabidhi mdogo wangu.

"Hii ni yako. Ya kukupa joto kabla ya safari."

Mdogo wangu akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaiweka mezani. Akachukua kisosi kilichokuwa chini ya kikombe cha chai, akaifunika.

Yule bwana akainua nyusi na kumtazama shangazi, kama mteja anayetafuta mwenye duka.

"Unafunika nini?" shangazi akauliza. "Hapa kwangu kuna mchawi?"

"Nzi, shangazi."

"Nzi gani kwenye baridi hii? Mwalimu, mwondolee mdogo wako hicho kisosi. Anatutia aibu."

Nilikiondoa mimi. Niliunyoosha mkono wangu mwenyewe, wenye saa nzuri na chaki isiyotoka kwenye kucha, nikakinyanyua na kukiweka pembeni. Tena nikaongeza la kwangu, kwa ile sauti ninayoitumia darasani ili hata wa nyuma wasikie: "Acha ushamba." Watu wakacheka. Nilipenda walivyocheka. Nimekaa na jambo hili muda wa kutosha kujua kwamba sikuogopa mtu pale. Nilitaka tu kuonekana mstaarabu mbele ya meza kuu, na ningependa kusema kwamba sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau baadaye, lakini siku ile ilikuwa bado haijaisha na dharau yenyewe ilihitaji kugawiwa wengi.

Mdogo wangu hakunitazama. Alisimama na ile glasi, akazunguka meza mpaka alipokaa yule bwana, akapiga goti moja chini kama binti yeyote wa Kibena aliyelelewa vizuri. Akamnyooshea glasi kwa mikono miwili.

"Baba, kwetu anayekukaribisha huonja kwanza. Naomba unionjee."

Aliomba kwa heshima kabisa. Hakuna mzee ambaye angeweza kulalamikia hata neno moja. Bwana wa mbao akacheka. Akawatazama wazee ili wacheke naye, na wazee, kwa mara ya kwanza siku ile, walichelewa.

"Mimi niko kwenye dozi," akasema. "Daktari amenikataza."

Kopo lake la ulanzi lilikuwa mbele yake, la tatu, limefika nusu.

"Funda moja tu, baba."

"Nimesema niko kwenye dozi!"

Mdogo wangu alibaki pale chini, mikono imenyooka, glasi haitikisiki. Yule bwana akatazama saa. Akatazama simu. Akajikuna shingo. Nikamtazama shangazi, kwa sababu hakuna mtu Yakobi nzima anayeijua desturi ile kumshinda yeye. Amekataa chai ya mjane miaka yote hii kwa ajili ya desturi hiyo. Alikuwa ameelewa. Niliona uso wake ukielewa, midomo ikafunguka kidogo, kisha nikaona akikusanya mambo yake yote, mbao za kanisa, wageni, kitambaa cheupe, na kuchagua.

Akainuka, akamnyang'anya mdogo wangu glasi, akaenda kuimwaga mferejini nyuma ya turubai. Aliisuuza hata glasi yenyewe, mara mbili. Aliporudi alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Jamani msamehe, baba. Huyu mtoto baa imemharibu."

Wazee wakapata pumzi. Mmoja akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mwingine akasema mijini kunaharibu. Wote hawa wameishi wakifuta kingo za vikombe kwa viganja ili mtu asidhurike, na siku dhara lilipokaa mezani kwao na kukataa kuonja, wakaliomba msamaha. Mimi si maabara, sijui kilichokuwa ndani ya ile glasi, na kwa hisani ya shangazi hakuna atakayejua. Najua tu kwamba mtu mzima aliyekunywa mchana kutwa hakuweza kunywa funda moja la waini yake mwenyewe.

Ghafla bwana wa mbao akakumbuka kwamba ana mtu wa kuonana naye Makambako na amechelewa, kwa hiyo lifti haitawezekana. Shangazi akahangaika jikoni, akafunga nyama kwenye karatasi ya foili, nyingi kuliko aliyofungiwa mchungaji. Akanipa nimpelekee garini.

Nikapeleka. Nilimkuta ameshakaa kwenye usukani. Alipokea kile kifurushi bila kushukuru.

"Mwalimu, mfundishe mdogo wako adabu," akasema.

"Nitamwambia, baba," nikajibu. "Safari njema."

Na mlango wake nikaufunga mimi, taratibu, usipige kelele.

Nilimsindikiza mdogo wangu stendi muda mfupi baadaye. Hakuwa ameaga mtu. Kosta ya Makambako ilikuwa bado inaita abiria, tukakaa kwenye benchi la mbao, kila mmoja na sweta lake. Akanunua maji, chupa moja, akageuza kifuniko mpaka muhuri wake ukakatika kwa mlio, akanywa. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Nikamwambia amefanya kitu cha kijasiri ambacho mimi nisingekiweza, na kwamba shangazi ni mtu wa zamani, asimweke moyoni.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Alikwambia nini pale garini?"

"Nani, yule? Hakusema kitu."

"Nilikuwa kwenye bomba nanawa mikono, dada. Nilikuona ukiitikia."

Nikasema nilikuwa naitikia tu ili aondoke. Kondakta akaita Makambako, Makambako, watu wawili bado. Mdogo wangu akaokota mkoba wake. Chupa ya maji ilikuwa kwenye benchi katikati yetu, na kwa kuwa nilikuwa na kiu nikaunyoosha mkono kuichukua, kama tulivyozoea tangu utotoni. Akawahi yeye. Akakaza kifuniko, akaihamishia upande wake wa pili, mbali na mkono wangu.