Santuri Bandia ya Mzee Romanus

Mzee Romanus ni fundi seremala wa mtaa wa Msamala, mgane, na mtu wa maneno machache. Nyuma ya karakana yake ipo rafu ya santuri za muziki wa soul alizokusanya tangu ujana, na kati ya hizo hakuna hata moja bandia. Akiletewa bandia, huiandika hivyo kwenye jalada kwa penseli ya useremala, kisha humwambia mwenye nayo, "Irudi ilikotoka."

Jumamosi moja Mwalimu Edwin alimletea santuri aliyoinunua mtandaoni kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, Mzee. Leo utanionea wivu."

"Marahaba. Huo wivu ngoja kwanza."

Mzee aliiinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na karatasi ya katikati, mahali pasipo na muziki, santuri halisi za kampuni iliyotajwa kwenye jalada huwa na namba zilizochongwa kwa mkono. Hapa palikuwa patupu.

"Labda zimefutika?" Edwin aliuliza, sauti imenywea.

"Hazifutiki, Mwalimu. Tuisikilize."

Uso wa santuri ulikuwa safi, hauna mkwaruzo. Hata hivyo, kabla mwimbaji hajaingia, ulisikika mlio, ta, ta, ta, ta, ta, mara tano.

"Umesikia? Imenakiliwa kutoka santuri iliyochubuka. Sasa hiyo..." Mzee akaiinamia gramafoni. Akarudisha sindano. Ta, mara tano.

Mlio huo aliujua. Siku ya harusi yao kule Mshangano, mkewe Imaculata alicheza mpaka nyonga yake ikagonga meza ya gramafoni, sindano ikaikwaruza santuri. Waliucheka mlio ule miaka thelathini. Kisha mfanyabiashara mmoja wa santuri akaiazima kwa wiki moja, asirudi tena. Mwaka uliofuata Imaculata alifariki.

"Basi kesho namrudishia aliyeniuzia," Edwin alisema kwa hasira. "Si wewe mwenyewe unatufundisha hivyo?"

Mzee alikwenda kwenye rafu, akatoa santuri ambayo Edwin alikuwa ameiomba mara nyingi na kunyimwa.

"Chukua hii. Hiyo niachie."

"Mzee! Halisi kwa bandia?"

"Hiyo imenakiliwa kutoka kwenye santuri yangu. Aliyegonga meza ni mke wangu."

Mzee alipomaliza kumsimulia, Edwin aliipokea ile santuri halisi kwa mikono miwili, bila utani. Mzee akachomoa penseli sikioni, akaandika BANDIA kwenye jalada, maana ndivyo ilivyokuwa. Kisha akarudisha sindano mwanzo.