Kigari cha Baba Kisicho na Paa

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ningekuwa natunga, si ningetunga kitu cha kunipendeza?

Baba alinunua kigari kidogo cha wazi. Turubai lake la kujifunika lilichanika zamani. Sasa Vugiri kwetu, mvua inanyesha utadhani imeajiriwa, nani ananunua gari la namna hiyo? Baba anasema alilitamani tangu ujana wake. Kazi yangu ilikuwa kumshikia mwavuli na kuchota maji miguuni kwa kopo.

Jioni moja tukipanda kutoka Korogwe, mvua ikatukuta. Kando ya barabara alisimama bibi mmoja, peke yake. Kwetu mzee hapitwi kwenye mvua, hata kama gari lenyewe halina paa. Baba akasimama.

"Shikamoo bibi. Panda, ila utalowa."

"Marahaba. Mimi na mvua tunajuana," akacheka, akakaa nyuma.

Nikageuka kumtazama. Niamini, kanga yake ilikuwa kavu! Matone yalikuwa yanampita pembeni. Nilitaka kumwambia baba, lakini tulishafika kwenye maduka, na barazani walijibanza wenzangu wa darasani.

"Oyaa, beseni hilo!"

"Mzee, funika sufuria, wali unaingia maji!"

Mmoja akaniona. "We! Huyo ndo mshua wako?"

Baba alikuwa amepunguza mwendo, anatabasamu, tayari kuwasalimia.

Nikasema, "Simjui. Kanipa lifti tu."

Baba akatazama mbele. Nyuma yangu bibi akasema taratibu, "Haya, mjukuu wangu. Usimjue."

Nilipogeuka, hayupo. Na gari halikuwa limesimama. Siti yote ya nyuma ilikuwa chapachapa, isipokuwa pale alipokaa.

Unadhani yaliishia hapo? Tangu siku ile, mvua ikinyesha, anaingia nyumbani mwanaume aliyelowa, ananiita mwanangu, nami simjui. Simjui kabisa. Mvua ikikata ndipo sura ya baba inanirudia. Yeye anadhani bado namwonea aibu. Nimwambie nini?

Juzi ilinyesha kutwa. Nilimpa shikamoo nikamsogezea kiti, kama mgeni. Akaitikia marahaba, akakaa.

Wewe unayesoma, ukiulizwa barabarani huyu ni nani wako, sema. Wacha wacheke.