Mama Viti na Mistari Mitupu

Viti kumi na viwili vya kwanza vya Mama Viti nilimuuzia mimi, na bei nilimpiga. Alikuja kunieleza hivyo mwenyewe mwaka uliofuata, siku aliponunua arobaini kwa bei ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Tangu hapo tunaheshimiana. Leo ana viti mia mbili na hamsini, maturubai sita na pikapu iliyochoka ila inawaka, na mtaani kwao ukialikwa mahali popote, harusi, mahafali au msiba, jua utakalia mali yake.

Miaka yote hiyo biashara ilikaa kwenye mifuko miwili ya aproni. Kushoto simu ya vibonyezo, imefungwa mpira ili betri isidondoke. Kulia shajara ya mwaka, nayo imefungwa mpira ili kurasa zisidondoke. Mteja akipiga, simu inabanwa kati ya sikio na bega, shajara inafunguliwa kwa mkono mmoja, kalamu inasakwa kwenye nywele. Mara mbili simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kuoshea viti. Mke wa mwanawe, ambaye ndiye anayepokea oda siku hizi, akachoka.

"Mama, hivi vyote vinaingia kwenye kitu kimoja. Ukiandika kwenye simu yako, mimi naona kwenye yangu. Nikiandika mimi, unaona wewe."

"Na ikitumbukia?"

"Ikitumbukia, kwangu kila kitu kipo."

Hapo ndipo alipolainika. Walikwenda dukani wawili, na muuzaji simu nadhani bado anasimulia. Mama Viti alimtoa jasho asubuhi nzima, akaongezewa kava, akaongezewa kioo cha juu, akaaga vizuri, akafika mlangoni, akarudi kudai chaja ya pili.

Kunakili kulichukua siku tatu. Yeye anasoma shajara, mkwewe anaingiza. Jumamosi hii mahafali, viti mia na ishirini. Jumamosi ile harusi, mia mbili. Wakamaliza, shajara ikaenda kukaa juu ya kabati.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Kwenye shajara, chini ya kila Jumamosi, Mama Viti alikuwa anaacha mstari mmoja mtupu. Uwe msimu wa harusi, mteja alie, apandishe bei, mstari ule haujazwi. Ule ulikuwa viti hamsini vya msiba. Harusi hupigiwa simu miezi mitatu kabla. Kifo hakibishi hodi. Asiyeweka akiba ya msiba atawaambia jirani zake waliofiwa wakae chini, na baada ya hapo hata harusi zao hapati. Hiyo ni hesabu, wala si huruma tu. Lakini hajawahi kumwambia mtu. Mkono wake uliuruka ule mstari wenyewe, kama unavyosukuma mlango kwa mguu ukiwa umebeba sinia.

Wakati wa kusoma, mstari mtupu unausomaje? Akaufunua ukurasa. Simu nayo ikaandika kilichosomwa, na mkwe akaona Jumamosi baada ya Jumamosi viti hamsini vimelala bure. Akavikodisha vyote. Alijisifu hata kwa mumewe.

Ijumaa moja asubuhi akaja kijana mkubwa wa bibi mmoja mshona maturubai. Mama yake amefariki usiku, mazishi kesho saa nne. Bibi yule ndiye aliyeshona maturubai yote sita, na yakichanika aliyafuata huko huko yaliko na sindano yake, kwa manung'uniko mengi na bila kuchelewa.

Mama Viti hakufungua simu. "Viti hamsini vipo, baba. Nenda kashughulike na mengine. Viti usiviwaze."

Kijana alipotoka, mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, simu mkononi.

"Mama, kesho hatuna kiti hata kimoja."

"Hamsini viko wapi?"

"Harusi ya pale ukumbini. Walitaka mia mbili na hamsini. Kalenda ilionyesha vipo."

"Vipo kwa ajili ya nani, mwanangu?"

"Sikujua kama vina mwenyewe!"

Mama Viti akaitazama shajara juu ya kabati. Kwa kweli angejuaje? Wakapiga simu kwa wakodishaji wengine wa viti. Jumamosi, kila mtu kakauka. Mmoja, mshindani wake wa siku nyingi, alicheka mpaka akakohoa. "Leo Mama Viti anaazima viti! Ngoja nikae nisianguke."

Kikabaki kitu kimoja, kwenda kumwomba mwenye harusi. Viti vilikwishapelekwa, vimerundikwa ukumbini, na baba wa bibi harusi alikuwa amekalia kimojawapo akitazama mapambo yakifungwa. Mama Viti alimweleza wazi. Harusi ni saa tisa, mazishi saa nne. Anavichukua hamsini asubuhi, saa nane vimerudi vimeoshwa.

Mzee akaruka. "Viti vitoke msibani vije kukaliwa kwenye harusi ya binti yangu? Mama, una akili?"

"Baba, hicho ulichokikalia, wiki iliyopita unadhani kilikuwa wapi?"

Mzee akasimama wima. Mkwe akafumba macho. Mimi ningemwambia, siri ya duka haitolewi mbele ya mnunuzi, lakini sikuwepo.

"Mnatufanyia mchezo! Huyu binti alituahidi viti vyote!"

"Usimwangalie yeye. Aliahidi alichokiona. Niliyeficha ni mimi." Akaketi bila kukaribishwa, dalili kwamba sasa anaanza biashara. "Mmechukua turubai dogo la wapishi. Kesho mvua ikija, wali wenu unaogelea. Nakupa kubwa, kwa bei ile ile."

"Makubwa mawili."

"Moja na nusu. Kubwa moja, na dogo linabaki kwa watoto."

"Na saa nane ikipita?"

"Ikipita, mia mbili na hamsini vyote umekalia bure."

Mzee alifikiri, akatazama mawingu, akakubali. Lakini hakurudi kukaa.

Jumamosi saa nne kasoro, wafiwa walikuwa wamekaa wote, chini ya turubai alilolishona marehemu. Kabla ya saa saba viti vilikuwa uani kwa Mama Viti, sabuni inaruka, yeye na mkwe wameinama kwenye ndoo moja. Saa nane kasoro robo vilikuwa ukumbini. Mzee alivihesabu kimoja kimoja, akapapasa viwili vitatu kama vimekauka, akasema haya.

Simu ilibaki. Wiki iliyofuata kila Jumamosi iliandikwa viti hamsini kwa jina "Msiba", na mteja mpya akiuliza huambiwa vimeshikwa. Lakini mkwe hakuridhika. Jumatatu alivuta kiti karibu, simu mkononi.

"Mama, niambie na mengine ambayo hukuandika. Yote."

"Yapi? Hakuna."

"Mwalimu mkuu wa shule ya pale juu?"

"Aa, yule. Akisema mia tatu, peleka mia mbili. Huwa anahesabu na waliohama."

"Kanisa la kule chini?"

"Wale wanalipa vizuri, ila viti wanavirudisha vichafu. Andika, wapewe vile vya kijani vilivyochakaa." Alifikiri kidogo. "Na yule mwenye ukumbi, usinywe chai yake."

"Ina nini?"

"Chai ni nzuri sana. Ndiyo maana. Ukishaimaliza, unaona aibu kukataa bei yake."

Mkwe akaandika.