Kiboko wa Achieng'

Yawa, leo nimempigia mtu mzima nduru nikidhani ni kiboko! 🙈

Nilikuwa nimemwahidi Achieng' wangu wa miaka minne kwamba kabla shule zifunguliwe ataona kiboko. Ameshatangazia mtaa wote wa Kaloleni.

Basi leo tukaenda ziwani, tukapanda boti. Tukazunguka, tukazunguka. Ziwa tupu. Mtoto akaanza kunyamaza, na mama wenzangu mnajua ule unyamavu wa kabla ya kilio.

Ghafla nikaona kichwa cheusi katikati ya magugu.

"Kiboko! Achieng', kiboko yule pale!"

Kichwa kikageuka. "Mama, mimi natega nyavu tu."

Boti nzima ikacheka. Mimi nilitamani kuingia chini ya kiti. Lakini Achieng' hakucheka. Mdomo ukaanza kutetemeka, machozi hayo.

Mwenye boti akamwambia yule mvuvi, "Baba, huyu mtoto alikuja kuona kiboko."

Mzee wa watu akamwangalia. Akazama. Akaibuka na magugu kichwani, akapuliza maji kwa pua, akanguruma mpaka ndege wakaruka!

Mtoto alicheka hadi akashika tumbo.

Sasa sikieni. Tukirudi, kiboko mwenyewe akatokea kule mbali. Mkubwa! Watu wote simu juu. Achieng' akamtazama kidogo tu, akanivuta nguo.

"Mama, huyu hajui kuchekesha. Turudi kwa yule mwingine."

Mzee wa nyavu, kama unasoma hii, Mungu akubariki sana. Nyinyi wengine chekeni tu, najua mnanicheka. 😂