Mchungwa Niliouiba kwa Brashi

Nikiwa na miaka minane niliiba mti wa machungwa wa jirani. Sikuukata, sikuung'oa, hata jani lake moja sikuligusa. Niliuiba kwa brashi ya mama yangu, Jumamosi mchana, huku nikila kiazi.

Nawaambia mapema ili msije mkaisikia kwa wengine, maana kule kwetu Kilungu hadithi hii bado inasimuliwa, na kila anayeisimulia huniongezea ujinga. Niliokuwa nao unatosha. Juzi hapa shuleni walipaka rangi milango ya bweni letu. Harufu ya tapentaini ilipoingia, wenzangu walikohoa na kulalamika. Mimi nilikaa kitandani nikaivuta kama mtu anayesikia chapati zikigeuzwa jikoni. Kwangu hiyo ni harufu ya mama.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili alikuwa wa kwaya. Jumamosi hakuwa wa mtu. Kabla jua halijatoka alikuwa amevaa koti kuukuu la baba, ambaye alifanya kazi ya reli Makindu na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alibeba rangi zake na kipande cha hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuchorea, akapanda hadi kwenye mwamba ulio juu ya nyumba yetu, na hapo akaketi kuchora milima. Waliokwenda kuteka maji walimsalimu kwa upole, kama unavyomsalimu mgonjwa anayeendelea vizuri. Mwalimu mzima, mwenye akili zake, ameketi kwenye baridi anautazama mlima ambao hauendi popote!

Yeye alisema unaenda. Mwezi wa saba, ukungu hujaa bondeni alfajiri, na vilele hubaki vikielea juu yake kama mandazi kwenye chai ya maziwa. Jua likipanda kidogo tu, ukungu umekwisha. Kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa na nusu saa, na Jumamosi nyingine ukungu wenyewe ulikataa kuja. Picha moja ya ukungu huo ilimla mwezi mzima. Ilikuwa iende Nairobi kwenye maonyesho, ya kwanza maishani mwake. Barua ya kumwalika aliiweka ndani ya Biblia, na nadhani mwezi huo aliifungua Biblia kumshinda mchungaji.

Chini ya ukungu huo, pembeni mwa picha, lilionekana shamba letu na la jirani yetu Mzee Ndunda, shemasi wa kanisa. Katikati ulipita mstari wa mikonge, ndio mpaka wetu. Na hatua mbili tu ng'ambo ya mikonge ulisimama mchungwa wake.

Mchungwa huo ndio ulionitia wazimu. Mzee Ndunda angeweza kusikia chungwa likianguka hata akiwa katikati ya maombi. Likiviringika hadi upande wetu, alivuka na fimbo yake, akaliokota, akalipangusa kwa koti, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeliangusha kwa macho. Na kusema kweli nilikuwa nikijaribu.

Mwaka huo wapimaji wa ardhi walikuwa wamefika mlima wa pili, wakipigilia vigingi vyao. Kila jioni wakubwa waliongea habari za mipaka. "Ikishachorwa na ikafika Nairobi," walisema, "imeisha. Hata ulie." Mimi niliyasikia hayo nikiwa nimekaa chini nikichambua mbaazi, na akili yangu ikapiga hesabu zake. Mama amechora shamba letu. Picha inakwenda Nairobi. Sasa hapo mtu wa akili anangoja nini?

Jumamosi ile mama aliimaliza picha, akaiweka ndani ya sanduku la mbao alilotengenezewa na fundi ili rangi mbichi isiguswe, akaenda mazoezi ya kwaya. Nilifungua sanduku. Niliifunika mikonge yake kwa rangi ya udongo, kisha nikaotesha mingine mitano ng'ambo ya mchungwa, nikapanda nayo hadi ndani ya ukungu. Nikarudi nyuma hatua moja. Mchungwa ulikuwa wetu. Niliona hata harufu yake imebadilika.

Sasa, mama alikuwa na desturi moja. Hakuitoa picha yoyote nje ya Kilungu kabla wenye mashamba yaliyomo hawajaiona. Hilo sikulikumbuka. Kesho yake baada ya ibada aliliweka sanduku kwenye benchi nje ya kanisa, watu wakamzunguka, naye akafungua kifuniko akiwa anawatazama wao, si picha. Alitaka kuziona nyuso zao.

Nyuso alizipata.

"Mwalimu," akasema Mzee Ndunda, akivaa miwani, "hii mti yangu imehama lini?"

"Na hayo mananasi ni ya nani?" akauliza mama mmoja wa kwaya. "Jamani, Kilungu tumeanza kulima mananasi?"

Watu walicheka hadi watoto waliokuwa wakicheza mbali wakaja kuona. Mzee Ndunda hakucheka.

"Chekeni tu! Hii kitu kesho inaenda Nairobi. Serikali iko wapi? Si iko huko huko? Wale wa kupima wakifika hapa wakiwa wameona hii, mimi nitawaambia nini? Mwalimu, hii haiendi. Nitaenda kwa chifu."

Msinione mbaya, lakini jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa fahari. Mzee mzima, shemasi, amefikiri sawasawa na mimi! Kisha nikauona uso wa mama. Alikuwa ameinamia picha, na kidole chake kilikuwa kikifuata ile mikonge mitano polepole, bila kuigusa, hadi pale juu ilipoingia kwenye ukungu. Akainua macho, akaanza kutafuta. Alinipata upesi, maana kati ya watu wote wa kanisa letu ni mimi peke yangu niliyekuwa na sikio la kijani, pale nilipokuwa nimechomeka brashi. Nilikuwa nimelifunika kwa kofia ya sufu tangu jana, lakini kanisani mvulana huvua kofia.

Akanivuta karibu, akaliweka sikio langu ndani ya kiganja chake, kama mtu anayemtuliza mtoto anayeumwa na sikio.

"Mkono wangu uliteleza, Mzee," akasema. "Kosa ni langu. Twende unionyeshe palipo mikonge, niitengeneze leo hii."

"Leo Jumapili," akasema shemasi.

"Basi iende ilivyo."

Mzee Ndunda akaitazama picha. Akalitazama kanisa. "Mwalimu, ng'ombe wa mtu akitumbukia shimoni Jumapili, si hutolewa?"

"Hutolewa, Mzee."

"Basi twende tumtoe."

Mchana ule tulikaa mwambani sisi watatu, mzee akielekeza kwa fimbo, mama akikwangua kwa kisu. Mikonge ya zamani ilirudi mahali pake, naye mzee akahakikisha kila mmoja. Kisha mama akaanza kuikwangua mitano yangu, na ile ya juu ilipotoka, ilitoka na ukungu. Palibaki mikwaruzo na ubao mtupu. Aliinua macho akatazama bonde. Ilikuwa saa nane, jua kali, kila kitu kiko wazi kama sahani iliyooshwa. Akachanganya rangi nyeupe na kijivu, akapaka, akafuta, akapaka tena. Ukawa kama uji. Hata mimi niliona.

Alipofika kwenye mkonge wa tatu, kisu kikasimama.

"Huo wacha," akasema Mzee Ndunda. "Si uko kwangu? Umekaa vizuri."

Mama akauacha. Na wiki hiyo hiyo, kabla wapimaji hawajafika, mzee alionekana akichimba shimo mahali palepale panapoonekana kwenye picha na kupanda mkonge mmoja, peke yake, katikati ya shamba. Picha ilikuwa imeshakwenda Nairobi, na yeye hakutaka taabu na serikali. Mkonge huo upo hadi leo. Ng'ombe wake wanauzunguka wakati wa kulima.

Kwa miaka mingi nilidhani nilichoharibu siku ile ni ukungu tu. Na ukungu huja, hata kama mwaka ule haukurudi tena. Ni hapa shuleni, mwalimu aliposoma insha yangu mbele ya darasa na kila mtu akacheka mahali ambapo sikukusudia, ndipo nilipoelewa alichokifanya mama pale kwenye benchi. Alikuwa na siku moja tu kabla ya kwenda kujionyesha kuwa mchoraji. Na mbele ya kanisa zima, mbele ya kwaya yake, akasema yale mananasi ameyachora yeye. Huko sokoni waliendelea kumwita Mama Mananasi hadi mwaka ukaisha, naye aliitika.

Alirudi kutoka Nairobi Ijumaa mchana, na picha mkononi. Walikuwa wameitundika karibu na mlango wa choo, alisema, kwa hiyo watu wengi walipita. Mimi nilikuwa nimevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, tayari kwa fimbo niliyoingoja wiki nzima. Hakushika fimbo. Alivua viatu, akaitundika picha juu ya redio, mahali ilipo hadi leo, akarudi nyuma, akanivuta nisimame mbele yake. Tuliitazama, mikono yake mabegani mwangu ikinuka tapentaini. Kisha akasema:

"Ile minne ilikuwa mananasi. Lakini huo wa tatu, Kioko, huo ni mkonge."